Heche na Lori Lililochemka Kila Alhamisi

Katika Tarime yote ya mwaka 1956 hapakuwa na dereva aliyezungumza na injini kwa upole kama Heche. Udereva aliupata jeshini, kule Burma, alikobeba mchele na risasi katika matope ya kufika kiunoni. Aliporudi alileta koti zito, sanduku la spana, na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: chuma hakiharibiki bila sababu.

"Chuma hakina chuki na mtu," alikuwa akisema. "Sababu ipo. Itafute."

Wakulima wa kahawa wa milimani walikuwa wamechanga miaka miwili wakanunua lori lao wenyewe, wakaachana na mfanyabiashara aliyewakodishia magari kwa bei aliyojipangia asubuhi akinywa chai. Ufunguo wakampa Heche. Miezi minne lori lilipanda na kushuka bila hata kukohoa. Mwezi wa tano likaanza kuchemka, tena kwa mpango. Jumamosi Heche aliosha rejeta mpaka maji yakatoka maangavu. Jumatatu lori lilipanda mlima wa Nyamwaga likinguruma kwa raha. Jumatano mshale wa joto ulianza kusogea. Alhamisi mvuke ulifoka chini ya boneti, na wenye kahawa wakaketi juu ya magunia kando ya njia, wakingoja lipoe.

Maneno yakawa mengi. Kuna waliosema lori lina mkosi. Kuna waliosema neno lililomchoma Heche zaidi, kwamba mitambo haikuumbwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwenyekiti wao, mzee Simioni, hakusema hayo wala yale. Jumatano asubuhi alimfuata Heche kwenye karakana ya Bomani, akasimama mlangoni.

"Mura, kijana wangu, meli inaondoka Musoma Ijumaa. Kesho mzigo uwe umevuka kivuko cha Kirumi. Likichemka tena, kamati inaliuza, na wewe na mimi tutakwenda kumwamkia yule bwana wa magari ya kukodi."

"Litafika, mzee."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita, nikateremka mlima kwa miguu. Viatu hivi ni vya kanisani. Kesho napanda nawe, nione mwenyewe."

Alipoondoka, Heche alivua koti akaanza upya, kana kwamba lori hilo ndiyo kwanza analiona. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Pampu haikuvuja tone. Kile kizibo kinachofunguka maji yakipata moto alikichomoa, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyochemka, nacho kikafunguka vizuri. Ndipo akawasha injini, akaiacha ipate joto, akapitisha kiganja juu ya rejeta kama mzazi anayempapasa mtoto mwenye homa. Juu, moto. Katikati, moto. Chini, upande wa kushoto, baridi.

Maji hayakuwa yakifika huko. Alifungua koki, na kwenye karai vikadondoka vijibonge vyeupe vyenye utelezi, vikiwa na punje nyeusi ndani yake.

Wengi huishia hapo. Wameuona uchafu, wanauosha, wanafunga boneti, wiki ijayo wanaosha tena. Heche alikuwa ameshauosha mara tatu. Kilichobaki ni swali la pili: uchafu huu unatoka wapi? Fundi ni yule anayefika kwenye swali la pili, na nchi yetu ina kiu kubwa ya watu wa namna hiyo kuliko kiu ya malori.

Jibu lilimngoja nyumbani. Alipokwenda kula mchana, mkewe Teresia aliipokea ovaroli iliyolowa, akainusa.

"Leo umepita kwa mama?"

"Sijatoka Bomani tangu asubuhi."

"Basi mbona ovaroli inanuka kibuyu cha mama?"

Heche akacheka. Teresia hakucheka. "Mama anafukiza vibuyu vyake kwa mkaa wa mzeituni mwitu. Majirani hawautaki, wanasema unafanya maziwa yawe machungu. Harufu hiyo nimekua nayo, siwezi kuikosea. Mkaa, na maziwa yaliyolala."

Heche alikaa juu ya debe taratibu. Punje nyeusi. Vijibonge vyeupe.

"Ng'ombe wa mama yako walizaa lini?"

"Wote wawili? Mwezi ule lori lako lilipoanza kuugua."

Nyumba ya mama mkwe wake, Mokami, ilikuwa juu kabisa ya mlima wa Nyamwaga, hatua chache kutoka njiani. Hapo ndipo Mokami alipoliongezea lori maji kila siku. Na kwa kuwa mkwe wa Kikurya hamkabili mama wa mkewe, Heche alikuwa akifungua kifuniko cha rejeta, kisha anakwenda nyuma ya lori na kulitazama bonde mpaka asikie nyayo za Mokami zikirudi nyumbani. Miezi yote hiyo hakuwahi kuona kilichomiminwa.

"Nenda ukamwulize," alisema.

"Mimi? Nikakague vibuyu vya mama yangu? Atanirudisha hapa akiwa amenivunjia kila kibuyu mgongoni."

"Nami siwezi kusema naye."

"Sema na lori," Teresia alijibu, akiikamua ovaroli. "Si unasema nalo kila siku?"

Alhamisi, rejeta ikiwa imeoshwa tangu jioni ya jana, walipanda mlima lori likiwa tupu, Simioni ameketi mbele, macho kwenye mshale. Juu, Heche alifungua kifuniko kwa kitambaa, akaenda mahali pake pa siku zote. Alipozisikia nyayo za Mokami, alilikoholea bonde.

"Wewe lori, nisikilize. Daktari amekupima. Ugonjwa wako ni wa tumbo. Kuna kitu unakunywa ambacho si maji."

Nyayo zikasimama. Simioni akatoa kichwa dirishani.

Mokami aliweka vibuyu vyake chini, akaiambia taa ya mbele: "Lori, mwambie daktari wako hakufundishwa kupokea wageni. Unabeba kahawa ya ukoo mzima, halafu unyweshwe maji matupu kama mbuzi?"

"Lori, mwambie mwenye nyumba tunashukuru sana. Umwulize pia, maziwa yakichemka kutwa nzima yanakuwaje?"

Mokami alikuwa amepika miaka arobaini. Hakuhitaji muda mrefu.

"Yanashika sufuria," alisema polepole.

"Na ndani yako, lori, kuna mirija myembamba kama mabua ya nyasi."

Mokami akalipiga lori kofi la ubavuni. "Mjinga wewe. Ungesema mapema. Nimewanyima ndama wangu kwa ajili yako."

Simioni aliteremka akicheka, ikabidi ashike mlango asianguke. "Kwa hiyo kamati nzima imekaa vikao vitatu kuuza gari kwa kosa la kulishwa vizuri."

Mokami alichukua debe safi, akashuka chemchemini mwenyewe, akarudi na maji maangavu akayamimina hadi mdomoni. Wakapakia kahawa, magunia sitini, wakateremka, wakashika njia ya Musoma juani.

Kwenye kivuko cha Kirumi, wakingoja zamu yao, Simioni alimfanya Heche afungue boneti. Akakunja mkono wa kanzu yake, akaweka kiganja juu ya rejeta kwa uangalifu, juu, katikati, chini.

"Kushoto je?" Heche aliuliza.

"Moto kama kulia." Mzee alipangusa mkono. "Jumamosi njoo kwenye kamati, uwaeleze wale waliosema mitambo si yetu. Ueleze polepole. Uanze na ovaroli."

Walirudi kwenye viti. Kati yao kulikuwa na kibuyu cha maziwa ambacho Mokami alikipitisha dirishani, akiliagiza lori limwambie dereva kuwa hicho ni chake. Simioni alikizibua, akanusa mkaa wa mzeituni, akanywa nusu nzima kabla ya kumpa mwenyewe.

"Machungu kidogo," alisema, akajipangusa midomo. "Lakini lori lilikuwa na haki ya kuyapenda."