Akina Mama Mtoni

Wakili aliyenitetea nisifukuzwe nyumbani alikuwa pia mchoraji. Alizaliwa mashariki mwa Kongo, akakulia kambini, akafika Minnesota, Marekani, akiwa msichana. Mwenye apatimenti yetu ya Fridley alipotaka kunitoa kwa sababu nililalamika kwamba hita imekufa katikati ya baridi, ni yeye aliyesimama nami mahakamani, nikabaki ndani na wanangu. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anagombea ujaji wa kaunti, sikungoja kuombwa.

Kura sikuwa nayo, maana sikuwa raia bado. Lakini miguu nilikuwa nayo. Kila Jumamosi nikitoka kazini nilibadilisha viatu tukaenda kubisha hodi kuomba kura, yeye upande huu wa barabara, mimi ule. Wengi hawakujua hata kama majaji huchaguliwa. Nikamwahidi kumpeleka kanisani kwetu awasalimie Wakenya wenzangu, ambao wengi wao walishapata uraia.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, mtu alituma picha kwenye kundi la simu la kanisa. Ilikuwa ya mchoro wake mmojawapo: akina mama wanaoga mtoni, migongo wazi. Chini yake aliyeituma aliandika, "Huyu ndiye anataka kuwa jaji?"

Mchungaji akaniita mbele ya wazee wa kanisa.

"Mama, wewe ndiye unamleta," mmoja wao akasema. "Hebu tueleze. Hii ni nini?"

Aliyeuliza ndiye aliyenitafutia kazi ya uuguzi, na ndiye msimamizi wangu hadi leo.

Jibu nilikuwa nalo. Nilishauona mchoro ule ukutani nyumbani kwake mjini Saint Paul, nikamuuliza. Aliniambia hao ni akina mama wa kambi yao. Walikwenda mtoni kwa kundi kwa sababu aliyekwenda peke yake hakuwa salama. Yule wa kushoto kabisa ni mama yake mzazi, na alifia kule kule kambini.

Maneno hayo machache yangetosha. Badala yake nikainamisha macho mezani, nikasema, "Sijui, Mzee. Mimi namjua kwa uwakili tu."

Mchungaji akaamua wakili asije kwanza. Nikampigia simu nikamwambia ratiba ya kanisa imejaa.

"Haya, dada," akajibu, asiulize zaidi.

Uchaguzi ulipofika, akashindwa kwa kura chache. Siwezi kusema ni sisi tuliomwangusha. Kaunti ni kubwa na kanisa letu ni dogo. Lakini mwishowe nikaenda ofisini kwake. Nilimkuta anapanga mafaili ya wateja. Nikamweleza yote, hata lile la kuinamisha macho.

"Nilijua," akasema. "Mchungaji alinipigia kuniomba radhi. Akaniambia umesema hunijui sana."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nikamwomba ruhusa nisimame kanisani Jumapili, niwaeleze wale akina mama ni akina nani. Akaweka chini faili alilokuwa ameshika.

"Hapana. Siku ile ungekuwa unanitetea mimi. Sasa utakuwa unajitetea wewe, na sitaki mama yangu atumike kwa kazi hiyo."

Hakusema kwa hasira. Heri angekuwa na hasira, kwa sababu hasira ningejua namna ya kuituliza. Alinisindikiza hadi kwenye gari, tukaagana kwa mkono.

Siku hizi tukikutana bado hunisalimu vizuri na kuniuliza habari za watoto. Nyumbani kwake sijaalikwa tena, nami sijathubutu kubisha.