Hatua Moja na Nusu Nyuma ya Beki

Chuo chetu kimeshinda kombe. Nasema "chetu" kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kusoma hapo, hajawahi kulipa karo hapo, na ameingia ndani ya geti lake mara tatu tu, zote akitafuta choo. Ni chuo cha ufundi upande wa Mowlem. Kinafundisha vijana kuchomelea vyuma, kufungua injini na, siku zingine, kuzifunga tena. Uwanja hakina. Mechi zake za nyumbani huchezwa kwenye kiwanja cha udongo mwekundu wa murram cha mtaa wetu wa Umoja, katikati ya gorofa zilizotunyima jua na kanisa la mabati ambalo kwaya yake haijali kama tunapiga penalti.

Nashabikia timu hiyo kwa sababu moja: kocha ni mwanangu. Kazi yake hasa ni kufundisha uchomeleaji. Ukocha walimpa kwa sababu ndiye mwalimu pekee aliyekuwa na filimbi.

Majirani zangu ni mashabiki wakubwa wa kandanda, ile ya Ulaya. Watakueleza goti la mchezaji ambaye hawajawahi kumsalimia linauma upande gani, na watagombana na mke kwa sababu ya timu ambayo ikivunjwa kesho haitawatumia hata salamu. Lakini vijana wanaocheza mita mia moja kutoka mlangoni mwao hawawajui. Siku ya fainali walikuja kwa wingi kwa sababu stima ilikuwa imepotea na televisheni ya hoteli ilikuwa kimya. Saa tisa na nusu wote walikuwa wafuasi wa chuo tangu kuzaliwa.

Mimi nilisimama mahali pangu pa kila wiki, kwenye mstari wa pembeni, sambamba na beki wa mwisho wa wapinzani. Beki akisonga mbele, nasonga. Akirudi, narudi. Wanaonijua hunitania.

"Mzee, umepoteza meno hapo chini?" aliuliza muuza karanga.

"Nayatafuta," nikamwambia. "Ukiyaona usiyauze."

Sikumwambia ninachotafuta, na kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote. Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kiwanja kikiwa hiki hiki na gorofa zikiwa chache, timu ya mtaa wetu ilicheza fainali na timu ya Kayole. Mwanangu alikuwa mshambuliaji, umri wake kumi na tisa. Wakati huo alikuwa na mbio, na alikuwa na baba aliyejivunia mbio hizo kana kwamba amezikimbia yeye. Siku hiyo alikuja mtu wa timu ya kampuni fulani ya mjini, timu ambayo mchezaji akisajiliwa hupewa na kazi. Alikaa ndani ya gari jeupe kando ya goli, dirisha likiwa wazi. Kila mtu alijua amekuja kumtazama nani.

Mshika kibendera mmoja hakufika. Kamati ikatafuta mtu anayejua sheria, na mimi nilikuwa karani wa stoo kiwandani, mtu wa kusoma karatasi. Kitabu cha sheria za mpira nilikuwa nacho nyumbani, nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Mke wangu alikata kipande cha pazia la jikoni, nikakifunga kwenye kijiti cha ufagio, nikawa afisa.

Mashabiki wa Kayole hawakunipa hata dakika moja ya amani.

"Bendera ya familia!"

"Mzee, mtoto akifunga utamnunulia soda ama pikipiki?"

Aliyeongoza kelele hizo alikuwa meneja wa timu yao, dereva wa lori mwenye sauti ya honi. Nilimwonyesha kwa kidole kifua changu, nikiwa na maana kwamba hapa pana haki tupu. Mtu mwenye haki kwa kawaida hahitaji kuonyesha kifua chake, lakini hilo halikuwa katika kitabu changu.

Tulikuwa nyuma bao moja. Dakika za mwisho mpira mrefu ukatoka katikati, mwanangu akachomoka, akabaki yeye na kipa, akafunga. Lilikuwa bao la kusawazisha. Mpira ulipopigwa nilikuwa nimesimama sawasawa na beki, na macho yangu yalikuwa mazima. Mtoto alikuwa nyuma ya beki, beki akiwa karibu na goli kuliko yeye. Hakuwa ameotea. Niliona pengo kati yao kama ninavyoliona dirisha hili ninapoandika.

Nikapandisha bendera.

Sikukosea. Kukosea ni kitu kingine, na ningefurahi sana kujificha humo. Niliona ukweli nikapandisha pazia la jikoni juu yake, ili watu wa Kayole, ambao sikuwajua na ambao hawakunipenda, waseme kwamba mimi si mtu wa kupendelea damu yake. Refa akapiga filimbi, bao likafutwa. Lile gari jeupe likafunga dirisha na kuondoka kabla mechi haijaisha.

Siwezi kuapa kwamba bao lile lingebadilisha maisha ya mtoto. Huenda angevunjika mguu wiki ya kwanza. Lakini nilimnyima nafasi ya kujua, na aliyemnyima hakuwa adui.

Na mimi? Mimi nilibebwa juu juu. Watu wa Kayole walinibeba mabegani wakinizungusha kiwanja kizima, yule meneja akinishika mguu wa kushoto. Jumapili iliyofuata mhubiri alinitaja, mzee aliyemkatalia hata mwanawe wa kumzaa. Waumini wakageuka kunitazama, nami nikatazama viatu vyangu kwa unyenyekevu mkubwa. Kuanzia hapo nikawa mzee wa haki wa mtaa mzima. Niliamua kesi za kamba za kuanikia nguo, kesi za mfereji wa maji, na kesi ya jogoo aliyewika mapema kuliko ilivyokubaliwa. Nilikalishwa mbele kwenye kila kamati. Ilikuwa kazi nzuri, kazi yote ya uaminifu, na msingi wake ulikuwa uongo mmoja.

Mwanangu hakuniuliza kitu. Alivua viatu vya mpira, akajiunga na chuo akasomea uchomeleaji, akaajiriwa hapo hapo. Alinisalimia kila siku. Ukitaka kuadhibiwa vizuri, tafuta mtoto mwenye adabu.

Sasa turudi kwenye fainali ya juzi. Wapinzani walikuwa chuo cha biashara kutoka Kayole, vijana waliovaa soksi zinazofanana, jambo ambalo upande wetu ulilitazama kama kiburi. Na mwenyekiti wa mashabiki wao alikuwa nani? Yule yule meneja wa zamani. Lori ameliacha, honi bado. Alinipungia mkono kwa furaha, kama mtu aliyemwona mteja wa zamani.

Mabao yalikuwa moja kwa moja hadi karibu na mwisho. Winga wetu akapenyezewa mpira, akampiga chenga kipa, akafunga. Mshika kibendera aliacha bendera chini. Refa akaonyesha katikati.

Kiwanja kikaingiliwa. Nusu ya Kayole ilikuwa ndani ya mistari ya unga wa mbao, na baada ya dakika moja mistari yenyewe haikuwepo.

"Ameotea! Huyo ameotea hadi Dandora!"

"Refa, umekula nini wewe?"

Watu walitafuta video. Ilipatikana moja, lakini msichana aliyeipiga alikuwa amejielekezea simu mwenyewe, kwa hiyo tuliona meno yake yote na bao hatukuliona. Refa, kijana mwembamba aliyekuwa tayari anatazama geti, akasema asiposikilizwa atavunja mechi. Mechi ikivunjwa kombe haliendi kwa yeyote, na vijana wa mwanangu walikuwa wamelifanyia mazoezi mwaka mzima, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya karakana kufunguliwa.

Hapo ndipo mwenyekiti wa Kayole alipopanda kwenye tofali.

"Nyamazeni! Kwa nini tunapigana ilhali mzee wa haki yuko hapa? Huyu alikuwa kwenye mstari. Huyu alimnyima mtoto wake mwenyewe bao kwenye kiwanja hiki, na mimi nilikuwepo. Tumuulize yeye. Akisema ameotea, ameotea. Akisema safi, tunanyamaza."

Refa akashukuru mbingu kwamba amepatikana mtu mwingine wa kulaumiwa. "Mzee, wewe umeonaje?"

Kelele zikashuka. Hata kwaya ilinyamaza, labda walikuwa wanapumua. Mwanangu alikuwa kando ya benchi lake, amekunja mikono. Alinitazama mara moja, kisha akainama akaanza kuokota chupa za maji za wachezaji, moja moja, na kuzitia kwenye kreti. Mechi ilikuwa bado haijaisha, lakini yeye alikuwa anafunga virago.

Niliona bao lile. Winga alikuwa nyuma ya beki hatua nzima. Ukweli ulikuwa mwepesi, lakini mdomo wangu ulikuwa mzito, kwa sababu nyuso zile za Kayole zilikuwa zinanitazama tena, zikingoja nionyeshe kifua. Nikiri hapa kwamba, kwa muda wa pumzi mbili hivi, mkono wangu wa kulia ulinyanyuka kidogo wenyewe. Uzee haumponyi mtu tabia.

"Bao ni safi," nikasema.

"Mzee, sema kwa sauti!"

"Safi! Alikuwa nyuma ya beki. Hajaotea."

Watu wa Umoja wakaruka. Kayole wakanung'unika wakatoka kiwanjani, kwa sababu mwenyekiti wao alikuwa ameahidi mbele ya watu. Zilichezwa dakika nne ambazo sikuzitazama, filimbi ikalia, na chuo kikawa bingwa. Mwakilishi wa wadi, ambaye hakuwa ameonekana tangu kampeni, alichipuka kutoka ardhini na hotuba. Kombe likakabidhiwa, mshikio wake mmoja ukabaki mkononi mwake. Ameahidi kuufuatilia. Chuo kizima cha wachomeleaji kilimwangalia tu.

Mwenyekiti wa Kayole alinifikia nikiwa bado pale pale mstarini.

"Mzee, umeniangusha," alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Nimesema nilichoona. Si ulisema mimi ni mzee wa haki?"

Akacheka hadi akakohoa. "Haki gani, ndugu yangu? Ile ya zamani ilikuwa bao safi. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, nililiona. Wote tuliliona. Unafikiri tulikubeba kwa nini? Ungependelea mtoto tungekupiga, ulipomnyima tukakubeba. Leo nilikuita nikijua ukiulizwa mbele za watu utamnyima tena. Sikujua umebadilika bila kutuarifu."

Akanipiga bega akaenda zake. Hivyo ndivyo nilivyopata habari za sifa yangu ya zaidi ya miaka ishirini: kwamba aliyeiamini alikuwa mhubiri, na mimi nilipokuwa na usingizi.

Nilimkuta mwanangu nyuma ya goli. Vijana walikuwa wamelizunguka kombe la mshikio mmoja, wakibishana kama linachomeleka. Yeye alikuwa anakunja nyavu, maana za kukodi hurudishwa siku hiyo hiyo.

"Hongera, kocha."

"Asante, mzee. Shika upande huo."

Nikashika. Tukakunja kidogo. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga kwa miaka, ina utangulizi. Yote ikatoweka.

"Lile bao lako la zamani," nikasema, "hukuwa umeotea. Niliona. Nilipandisha bendera nikijua."

Hakuacha kukunja. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Nilipogeuka kushangilia nikaona uso wako. Mtu aliyekosea hafanani hivyo." Akavuta wavu upande wake, taratibu. "Leo walipokuita nikajua kombe limeenda. Nilianza kupakia chupa."

"Nilikuona."

"Na ulichelewa kujibu."

"Nilichelewa," nikasema. Sikuongeza kitu, kwa sababu nyongeza zangu nazijua.

Tulimaliza wavu wa kwanza. Nilimwomba msamaha, kwa maneno machache na mabaya. Alisikiliza akitazama fundo la kamba. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, na mimi sikuwa mtu wa kudai jibu la haraka baada ya kulikalia swali kwa muda wote huo. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Nilikuwa nyuma kiasi gani?"

"Nini?"

"Siku hiyo. Nyuma ya beki. Ulikuwa kwenye mstari, si unajua?"

Nilijua. Ni kitu pekee katika maisha yangu ninachokijua bila shaka. Nikatembea hadi pale ambapo beki alisimama wakati ule, karibu na mwanzo wa boksi, nikachora mstari kwenye murram kwa kisigino. Kisha nikarudi nyuma, nikachora mwingine.

"Beki hapa. Wewe hapa. Hatua moja na nusu."

Alikuja akasimama kwenye mstari wake, mtu mzima mwenye kitambi na filimbi shingoni. Akaangalia ule mwingine mbele yake. Akapima kwa kiatu, polepole, kisigino kikigusa kidole.

"Mimi siku zote nilidhani ni moja tu," alisema.

Akaenda kwenye goli la pili, akaanza kufungua wavu wake. Nikamfuata nikashika upande wangu.