Mosi Iliyoitwa Kwamboka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitu kilichofanana na takataka, nikaambiwa nikinyweshe maji. Aliyenipa ni Daktari Ombaso, Mtunza Mkuu wa hebaria ya chuo chetu mjini Kisii, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Ilikuwa mosi, ule mmea mdogo wa kijani unaotanda juu ya mawe na magome ya miti. Nikaidondoshea tone la maji. Majani yaliyojikunyata yakafunguka mbele ya macho yangu, nami nikapiga ukelele kama mtoto.

"Umeona, Moraa?" akasema. "Hata ikikaa kwa karatasi miaka mingi, ukiipatia maji inajifungua."

Enyi vijana mnaosoma haya, msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Mosi hufanana kuliko pacha. Tulizitenganisha kwa darubini: urefu wa jani, meno madogo ukingoni mwake, umbo la seli. Kila kishungi tulichochuma tulikikunjia karatasi, na desturi ilikuwa pakiti moja, jina moja. Tulipanda vilima vya Nyamira tukiwa tumelowa umande wa majani chai hadi magotini, huku wenye mashamba wakituchekea kwamba tumeacha ndizi tunachuma utelezi. Nami nilicheka nao. Daktari hakucheka, alikuwa mtu wa kuvaa suti hata mtoni.

Kwenye maporomoko madogo karibu na Ikonge aliwahi kupata mosi yenye jani refu na jembamba kuliko ile ya kawaida inayoota kwenye magome. Aliitangaza kuwa spishi mpya. Mkewe alikuwa amefariki muda si mrefu, na hawakujaliwa watoto, basi akaipa mosi ile jina la marehemu: Kwamboka. Kila alipopita kwenye rafu ilipowekwa alipunguza mwendo, nasi tulijifanya hatuoni.

Miaka ikaenda, ukaja ushahidi wa molekuli. Mkuu wa Maabara, mama kijana mwenye haraka ya mambo, alitufundisha kusaga chipukizi, kutoa DNA, ile taarifa ya urithi iliyomo ndani ya seli, kuizidisha kwa mashine, kisha kuipeleka Nairobi isomwe herufi kwa herufi. Herufi zikiachana sana, hizo ni spishi mbili. Zikilingana, ni spishi moja, na jina kongwe ndilo linalotumika. Alitaka kupima mosi zetu zote zinazofanana, na ya Kwamboka ikiwemo. Nilimhurumia Daktari, maana alikuwa karibu kustaafu na hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo.

Majibu yalipokuja, Mkuu wa Maabara aliingia mbio. "Daktari, Kwamboka amesimama! Herufi zinaachana kabisa!"

Nilipiga makofi, nikaenda kuleta chai na chapati. Niliporudi, Daktari alikuwa ameomba mabaki ya kile kishungi kilichopimwa, ameyadondoshea maji na kuinamia darubini. Hakuinua kichwa hadi chai ikapoa.

"Moraa, kuja uangalie. Hapa ndani kuna mosi mbili."

Ilikuwa kweli. Mosi hupenda kuota zikiwa zimesukana, na ndani ya kishungi kile ilikuwa imejipenyeza nyingine nyembamba, ya aina tofauti kabisa. Hiyo ndiyo iliyosagwa. Desturi yetu ya pakiti moja, jina moja ilikuwa imetuzoeza kuamini kilichoandikwa juu. Mashine ilisoma vizuri, ila haikujua imelishwa nini.

"Lakini Daktari, majibu tayari yametoka," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Yaya," akakataa kwa Kigusii. "Rudieni. Safari hii chipukizi moja tu, na nitachagua mimi mwenyewe."

Aliichomoa kwa kibano. Sabato iliyofuata niliiombea mosi kanisani, jambo ambalo sijamwambia mchungaji mpaka leo.

Majibu yaliporudi, herufi zililingana na za mosi ya kawaida. Urefu wa jani ulitokana na maji ya maporomoko tu. Mkuu wa Maabara alishindwa kuinua macho. "Pole sana, Daktari."

"Wacha pole. Kazi imefanyika." Katika hebaria kibandiko cha zamani hakibanduliwi, kipya hubandikwa kando yake. Alikiandika mwenyewe, kwa mwandiko safi, jina lile kongwe. Mimi nilienda nyuma ya rafu nikalia.

Sasa nami nimestaafu, nalima ndizi Keumbu. Vijana huniuliza kama mashine zimelifanya jicho kuwa bure. Nawaambia jicho ndilo linalochagua kinachoingia kwenye mashine, na jicho huongozwa na moyo wa mwenye nalo. Hilo nililiona kwa Daktari, na sijakutana na somo zito kuliko hilo.

Wiki niliyostaafu nilimtembelea kwake Nyamira. Nilikuwa na swali nililolibeba muda mrefu.

"Daktari, kwani hukuumia?"

"Niliumia mono, sana sana," akasema, akanimiminia chai. "Lakini Kwamboka alikuwa mwalimu wa hesabu. Maisha yake yote hakupatia mtu alama ya bure. Sasa mimi ndio nimpatie yeye?"