Mchi Mzito wa Mashavu

Mashavu binti Hadija ana miaka kumi na mitano, na kama humjui basi hapa Kibiti wewe ni mgeni. Mimi ni jirani yao, muuza vitumbua, na kila asubuhi ananisalimia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Amezaliwa na hali ya Down. Bi Elieth, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alitueleza kuwa ni jambo la vinasaba, si kijicho cha mtu wala mwiko uliovunjwa. Misuli yake ni milegevu, kwa hiyo mkono unajua pa kwenda ila unayumba njiani. Vifungo vya nguo vinamtoa jasho hadi leo, na kikombe kikijaa, nusu inakunywa sakafu. Kwa kucheka, hana mpinzani.

Mama yake amemlea kama yai. Ukimuuliza Mashavu hujambo, anayejibu hajambo ni Hadija. Nampenda shoga yangu, lakini kwa hilo alikuwa akinikera!

Basi mwaka huu dada mtu, Habiba, akaposwa. Siku hizi mpunga tunapeleka mashineni, nani ana nguvu za bure? Ila kwa ukoo wao, debe la kwanza la mchele wa harusi lazima litwangwe kwa mkono na ndugu wa kike wa biharusi, wawili wawili kwenye kinu kimoja, michi ikipishana. Mashavu akatangaza kuwa naye atamtwangia dada yake. Alimwambia kila mtu, hata muuza mkaa.

Siku yenyewe ilipofika, shangazi yao Mwanabibi, ndiye msimamizi, akakataa.

"Michi ikigongana hapa mtu anavunjika kidole. Mpeni kinu cha watoto akacheze kule."

Hadija akakimbilia kuleta kinu kidogo na mchi mwepesi kama mwiko. Mashavu akajaribu. Mchi ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukagonga ukingo, mpunga ukaruka na kuku wakapata karamu. Wasichana wakacheka. Mashavu akaanza kulia, na roho iliniuma mno.

Ghafla akautupa ule mchi. Akaenda moja kwa moja kwenye kinu kikubwa, akashika mchi wa shangazi yake, wa mti wa mkoko, mzito hata mimi naukwepa.

"Mchagua jembe si mkulima!" Mwanabibi akamkejeli.

Mashavu akauinua kwa mikono miwili, akauachia. Puu! Katikati ya kinu. Akauinua tena. Puu! Haukuyumba.

Bi Elieth, aliyekuwa mwalikwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wote tumekuwa tukimpa vitu vyepesi tukidhani tunamsaidia, na mimi nimo. Uzito ndio unaoituliza mikono yake."

"Shangazi, njoo," Mashavu akaita.

Mwanabibi akachukua mchi mwingine huku akinung'unika, akasimama upande wa pili. Mwanzo alitaka kwenda mbio. Nikamkemea, "Mfuate mtoto, wewe mama!" Akapunguza. Wimbo wa kutwangia nao ukapunguzwa kasi, na nikwambie, ule wimbo haujapata kuwa mtamu vile. Mchi mmoja juu, mmoja chini, vidole vyote vizima. Habiba alichungulia kutoka ndani alikofichwa, akapiga kigelegele ambacho biharusi hatakiwi kupiga.

Aliyechoka kwanza ni Mwanabibi.

"Mie nshachoka, mwanangu. Tupumzike."

"Bado," akasema Mashavu, na shangazi mtu akaendelea! Siku hiyo nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Mchele ulipokwisha kupepetwa, akasogea mama mmoja wa ukweni, kutoka Ngorongo.

"Hadija, nasi mwezi ujao tunaoza. Tumepungukiwa mtwangaji. Huyu binti atakuja?"

Nikamtazama Hadija. Mdomo ulishafunguka, jibu limefika ulimini: mtoto hawezi, mtoto anachoka, safari ndefu. Akalimeza. Machozi yakamlengalenga.

"Mwulize mwenyewe," akasema.

Mashavu akajifuta jasho kwa kanga, akamtazama yule mama juu mpaka chini.

"Nitakuja," akajibu. "Mtapika na nyama?"