Neno Nililolisahihisha

Asubuhi tuliyovuka mpaka wa Tunduma, mdogo wangu Lameki alinunua maandazi kwa mama mmoja wa upande wa Zambia, akamwita "mukwai," neno lao la heshima, mara nyingi hadi akaongezewa moja. Alikuwa dereva wa safari za Kongo, na lugha aliziokota njiani bila kujua kwamba anajifunza. Mimi nilikuwa mhadhiri wa Kiswahili. Usharika wetu wa Iyula ulichanga mahindi na blanketi kwa usharika rafiki wa Kongo uliokuwa umepokea wakimbizi, na mchungaji akataka aende pia mtu wa kuongea vizuri na ndugu zetu wa huko. Nilivaa shati jeupe. Nilikwenda karibu na vita nikiwa nimepiga pasi.

Siku ya nne tulifika kwenye mji mdogo ambao sitautaja. Wanawake walikuwa wameanika mihogo, na kinyozi alikuwa na wateja watatu. Tuliambiwa mapigano yako mbali, nyuma ya milima. Tulishusha magunia hadi mchana, kisha Lameki akaegesha lori letu, Kenta, katika uwanja wa kanisa, mahali palipokuwa wazi, tukaandaliwa ugali.

Hatujamaliza kunawa, mlinzi wa kanisa, mtu mzima waliyemwita Papa Musa, akaja mbio.

"Mutoshe mutuka apa," alisema. Akarudia, huku akizungusha mkono kuelekea uwanjani na mlimani.

Mutuka nilijua ni gari. Neno kutosha nililijua tangu darasa la kwanza. Nikatafsiri kwa sauti ya darasani kwamba mzee anasema gari linatosha hapa, uwanja ni mkubwa.

Lameki aliacha kunawa. "Kaka, nadhani anasema tuliondoe."

Nilicheka. Nilimweleza kwamba kutosha hakujawahi kuwa kuondoa, kwamba Kiswahili kina utaratibu wake. Kisha nikamgeukia mlinzi na kumsahihisha kwa upole: mzee, tunasema "gari litatosha hapa." Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeingia ofisini.

Kwetu mdogo wa mtu habishani na kaka yake mbele ya wageni, hasa kaka aliyesomeshwa kwa kahawa ya nyumba nzima.

"Sawa, Profesa," alisema Lameki. Alikuwa akiniita hivyo kunitania. Uprofesa sikuwa nao, na sina hadi leo. Alirudi kwenye gari kuchukua chumvi.

Nilisikia mluzi.

Kisha vumbi.

Nilijikuta nimelala chini ya dirisha la kanisa, shati bado jeupe upande mmoja. Kenta ilikuwa imelala ubavu. Lameki alikuwa ndani.

Watu walikuja wakikimbia, Papa Musa mbele yao. "Mutoshe! Mutoshe!" alikuwa akiwaambia.

Nilidhani anasema yatosha, kwamba tukate tamaa. Kisha nikaona mikono yao. Walikuwa wakivuta mlango. Walikuwa wakimtoa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza neno hilo.

Walimtoa akiwa hai. Alikufa kabla ya jua kuzama, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mwanamke nisiyemjua.

Nyumbani nilisema kombora lilikuja bila onyo. Nilisema ni mapenzi ya Mungu, na kila mtu akaitikia. Mke wa Lameki, tunayemwita Mama Sifa, alinishukuru kwa kumrudisha mume wake azikwe Iyula. Miaka ikapita. Mchungaji akaniomba nitoe ushuhuda, nikatoa, na usharika wa pili ukaniita. Ulikuwa ushuhuda mzuri: safari, kombora, huzuni, kisha amani ya Kristo. Ulikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kama ninavyowadai wanafunzi. Mama Sifa alikuwa akikaa kiti cha mbele na kusema amina.

Mwaka jana niliutoa kijijini Mbebe, kwenye semina ya wafiwa. Baada ya ibada mama mmoja alinisubiri nje. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa homa. Alimkawiza nyumbani siku mbili akiamini itashuka yenyewe.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe Mungu amekuponya kwa kuwa hukukosea. Sisi tuliokosea tunaponywa na nani?"

Nilimsomea mstari. Mstari ulikuwa wa kweli. Aliyeusoma alikuwa mwongo, na nadhani mama yule alikuwa wa kwanza kunifanya nione aibu kuliko hofu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Sifa. Alikuwa akichambua kahawa kwenye chekeche. Nilimweleza swali la yule mama wa Mbebe, kisha habari za mlinzi, na jinsi sisi tulivyoshindwa kuelewa neno lake. Nilisema "sisi." Hata siku ya kutubu nilitafuta mtu wa kugawana naye.

Mikono yake ilisimama. "Lameki alikuwa anakwenda Kongo kila mwezi," alisema. "Na yeye hakuelewa?"

Ningeweza kusema hakuelewa. Hakuna aliyebaki wa kunipinga.

"Alielewa, shemeji. Aliniambia tuliondoe gari. Mimi nikamcheka."

Aliendelea kuchambua. Alitupa punje mbovu, nyingine, nyingine. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba miaka yote amemuuliza Mungu kwa nini hakumpa mume wake onyo hata moja, na kwamba mimi nilikuwa nikimsikia akiuliza.

"Leo siwezi kukutazama," alisema. "Nenda kwa huyo mama uliyemdanganya. Kwangu usije mpaka nikuite."

Nilikwenda Mbebe. Mama yule alikuwa shambani, akapalilia mstari mzima huku nikisimulia. Nilipomaliza aliegemea jembe.

"Na shemeji yako amekusamehe?"

"Bado."

"Na bado unasali?"

"Nasali. Ila sasa nasali nikijua ninachoomba."

Alisema baada ya msiba alikuwa amekaa wiki kadhaa mlangoni mwa kanisa, aone kama atafukuzwa, na hakuna aliyemfukuza. Kisha akalaza jembe, akapiga magoti kwenye udongo aliokwisha kulima, nami nikapiga magoti kando yake. Alimtaja mtoto wake kwa jina, akataja zile siku mbili, akanigeukia.

Nilielewa kwamba ananisubiri. Nikamtaja Lameki.