Shata Iliyochoka

Wanafunzi walimwita Bi Hakikisha, na hakuna aliyewahi kulipinga jina hilo. Alikuwa mwalimu wa jiografia asiyenunua yai bila kulimulika kwenye mwanga, na ukimwambia chai ina sukari, anaonja kwanza. Kwa hiyo shemeji yake, mume wa mdogo wake, alipomletea kamera ndogo ya wapenda picha, yenye lenzi nzuri na vitufe vingi, aliipokea kwa mikono miwili na kuamini nusu ya maneno.

"Ni mpya hii, shemeji," mwanamume alisema. "Chukua uijaribu, ukiridhika ndipo tuzungumze bei. Mimi sijapiga nayo picha hata moja."

Aliitaka kweli. Kila mvua zikiisha alikuwa akipeleka darasa lake korongoni nyuma ya shule kuona udongo unavyoliwa na maji, na picha za simu yake zilitoka kama uji. Lakini kamera iliyopita mkononi mwa mtu ina maradhi yake. Ndani ya lenzi kuna shata, kipazia kinachofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, na kikifanya hivyo mara nyingi mno huchoka kama bawaba ya mlango wa darasa. Alitaka kujua hiki kimefanya kazi kiasi gani. Hakuona kama ni swali kubwa.

Akapiga picha moja, akatazama namba ambayo kamera iliipa. Moja.

"Si unaona?" shemeji alimwambia kwa simu.

"Namba hii huanza upya mtu akitaka. Haithibitishi kitu."

"Basi iulize kamera yenyewe."

Akaiuliza. Kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, picha ilieleza saa iliyopigwa, mwanga ulivyokuwa, hata kwamba taa haikuwaka. Alichokitaka hakikuwemo. Mwalimu wa hesabu akampakulia programu ya kusoma hesabu ya shata. Programu ikaomba namba yake ya simu, ikaipata, na tangu hapo ikawa inamtumia matangazo ya dawa za nywele. Mwisho akampigia fundi kamera.

"Aina hiyo ina ukurasa wa siri," fundi alisema. "Shikilia kitufe cha menyu na cha kutazama picha kwa pamoja, halafu washa."

"Niwashe kwa mkono upi?"

"Mwalimu, tafuta mtu."

Mtu mwenyewe akawa mdogo wake. Walikaa jikoni kwa huyo mdogo, mdogo mtu kabana vitufe viwili, dada mtu anawasha. Mara ya kwanza kamera ilizima. Mara ya pili ilibadili lugha, ikaleta maandishi ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyasoma, na wakahangaika mpaka chai ikapoa kurudi walikotoka.

"Dada, si uinunue tu, au uirudishe?"

"Bana vitufe."

Mara hii kioo kikawa cheusi, kikajaa tarakimu nyeupe. Mdogo mtu alidhani ni namba ya simu ya mtu. Ilikuwa hesabu ya picha: elfu sitini na kitu.

Bi Hakikisha akafanya na jaribio la pili aliloelekezwa na fundi: akaelekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, akaweka kasi ya juu kabisa, akapiga picha mfululizo. Ukuta ulikuwa uleule, mwanga uleule, lakini picha nyingine zilitoka nyeupe na nyingine za kijivu kama jioni. Kipazia hakikuwa tena na pumzi ya kufunguka sawasawa.

Shemeji aliporudi kutoka kazini aliikuta kamera katikati ya meza.

"Shemeji, hii imepiga picha zaidi ya elfu sitini."

"Mimi sijapiga hata moja."

"Nani kapiga?"

"Ilijipiga."

Mkewe akaweka kikombe chini taratibu. Ndipo maelezo yakaja. Kuna mtu alikuwa akitupa taka langoni kwao. Yeye akaiweka kamera dirishani, akaitega ipige yenyewe kila baada ya nusu dakika, mchana kutwa, msimu mzima wa mvua. Mhalifu alimjua tayari: jirani wa upande wa juu, nesi mstaafu. Ndiyo maana alikuwa ameacha kumsalimia.

"Na ulimwona?" Bi Hakikisha akauliza.

"Sijapata nafasi ya kuzitazama. Picha zote hizo? Mimi nina kazi, shemeji."

Bi Hakikisha alivuta pumzi ndefu ya mtu anayesahihisha mitihani. "Zilete."

Zilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Bi Hakikisha akazipitisha mbiombio, mvua baada ya mvua. Picha moja lango ni safi. Inayofuata, maji yanashuka kutoka barabara ya juu. Chache mbele, maji yamepungua, na mifuko, maganda na chupa vimelala langoni, mahali pale pale ambapo mteremko unakwisha. Hakuna mtu aliyetokea.

"Ni maji, shemeji. Umemnunia mtu kwa sababu ya maji."

"Ngoja. Huyo hapo! Huyo si yeye?"

Alikuwa yeye, asubuhi, kajifunga khanga, kainama langoni. Bi Hakikisha akasogeza picha moja mbele. Nesi alikuwa na ufagio. Akasogeza nyingine. Alikuwa anazoa taka na kuzitia kwenye gunia lake. Asubuhi ya mvua nyingine, hivyo hivyo. Na nyingine.

Shemeji akazima kompyuta. Mkewe ndiye aliyempa viatu.

Walikwenda wote watatu. Nesi aliwafungulia akiwa na miwani kichwani, na shemeji akaanza kueleza habari za mteremko, za barabara, za kamera.

"Anza na samahani," Bi Hakikisha alimwambia.

"Samahani, mama. Nilikudhania vibaya."

"Nilikuwa nikijiuliza nimekukosea nini," nesi alisema. "Nikasema labda ana matatizo kazini, nisimwongezee na uchafu."

Kamera Bi Hakikisha hakuinunua. Alimwachia fundi maagizo amtafutie nyingine, na fundi akaahidi kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza. Jumamosi shemeji alichimba mfereji juu ya lango, jasho linamtoka, huku nesi akimwelekeza kutoka upande wake wa ua: "Chini kidogo, mwanangu. Bado."