Fyuzi Kwenye Kopo la Sindano

Mzee Nati, fundi magari mstaafu, alikuwa na mke, binti mmoja, na gari. Majirani, kwa midomo yao isiyo na breki, walisema gari ndilo mke mkubwa. Lilikuwa jeusi, milango miwili, silinda nane. Likinguruma, vikombe vinacheza makabatini mwa watu. Alilinunua limepondeka ubavu, akalinyoosha mwenyewe kwa miaka minne, mkewe akimshikia tochi. Juu kidogo, Mama. Shusha. Hivyo hivyo mwanamke naye akaijua injini.

Lilikaa bandani nyuma ya nyumba, limefunikwa shuka laini, betri iko kwenye chaji, dawa ya panya kila kona wasije wakatafuna nyaya. Kila Jumamosi alilipaka nta, akalisogeza kidogo ili matairi yasilalie upande mmoja, kisha yeye na mkewe wakatoka nalo hadi kituo cha mafuta na kurudi. Basi. Raha yake yote ya dunia ilikuwa hiyo.

Asubuhi moja akaenda nalo kununua mkate, asirudi. Binti alimkuta jioni mji wa pili, tangi kavu, yuko kwenye usukani analalamika kwamba barabara zimehamishwa. Daktari hakuzungusha maneno: kumbukumbu inaondoka, asiendeshe tena. Binti akataka gari liuzwe wiki ile ile. Mama akakataa katakata. Kumnyang'anya mzee yule gari ni kumzika anapumua. Lakini akimwacha aendeshe, je? Ipo siku angemgonga mtoto wa mtu.

Mzee alipokuwa anaoga, mama akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ile ya pampu ya petroli, akaificha kwenye kopo lake la sindano na vifungo.

Jumamosi gari likagoma. Wiki tatu mzee alihangaika nalo. Plagi akatoa, akarudisha. Betri akapima. Akalala chini ya gari mpaka kiuno kikakataa kuinuka. Mkewe kashika tochi, uso mkavu, moyoni anaungua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa ndefu jamani, na kila siku ilizidi kumtesa. Si uongo uliomuuma zaidi. Fundi wa miaka arobaini, aliyekuwa akisikiliza injini kwenye simu na kuutaja ugonjwa wake, leo kashindwa na fyuzi! Alilia jikoni, akasingizia vitunguu.

Jumamosi ya nne uzalendo ukamshinda. Akaenda bandani na fyuzi kiganjani, akaanza kuomba radhi. Mzee alikuwa anafuta kioo, wala hakugeuka.

"Ilikuwa kwenye kopo la sindano," alisema. "Niliikuta siku nilipotafuta kifungo cha shati. Lakini kwamba umeichomoa, nilijua siku ya kwanza. Mtu achomoe fyuzi kwenye gari langu, nisione?"

Akafungua kidroo cha dashibodi. Mlikuwa na fyuzi mpya za akiba, angeweza kuweka moja siku ile ile. Mama akauliza kwa sauti ndogo, sasa wiki zote hizo alikuwa anatafuta nini.

"Niliona unavyojitahidi nisiaibike. Nikasema na mimi nijitahidi." Akammiminia zote za akiba kiganjani, akamfumba vidole. "Siku nikisahau ziliko, usinikumbushe."

Hakuendesha tena. Jumamosi zao ziliendelea: nta, upepo wa matairi, halafu wanalisukuma gari kwa mikono, vizee viwili vinahema na kuchekana. Mara moja moja mzee alizungusha ufunguo kwa utani, gari likanyamaza, akamkonyeza mkewe. Karibu mwaka mzima walikwenda hivyo.

Jumamosi moja akazungusha ufunguo, akasubiri, akazungusha tena. Akamwambia mkewe alete tochi, gari haliwaki. Mama akacheka, akijua ni utani wao ule ule. Mzee akafungua kisanduku cha fyuzi, akapitisha kidole moja baada ya nyingine, akafika kwenye lile pengo, akalipita.

"Itakuwa plagi," alisema, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

Mama akamtazama mumewe. Fyuzi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, ndani ya kopo. Akaenda kuchukua tochi.

"Juu kidogo, Mama."

Akainua tochi.